Kanga Moja Louisville, Nyingine Columbus

Muhula uliopita hapa Buffalo, mwalimu wetu wa historia ya usanifu alitupa makala mbili za kusoma. Ya kwanza ni ya Louis Sullivan, msanifu majengo wa Marekani, aliyeandika mwaka 1896 kwamba umbo la kitu hufuata kazi yake. Ya pili ni ya Adolf Loos wa Austria. Yeye aliona mapambo ni upotevu wa nguvu na fedha, na ni dalili ya watu wasiostaarabika. Mfano wake ni Wapapua wenye chale mwilini.

Nilimwona mama yangu kule Columbus, kanga moja kiunoni na nyingine begani, nikajiuliza huyu bwana angemweka wapi. Miaka ileile ya mwanzo wa karne ya 20 Loos alipokuwa akiyashutumu mapambo, maneno yalikuwa yakianza kuchapwa kwenye kanga.

Lakini nikiri kosa langu. Nilipoanza chuo mama alinitilia kanga sandukuni, nami sikuitoa, nikiogopa maswali ya mwenzangu wa chumbani. Nilikuwa nimekubaliana na Loos kabla ya kumsoma.

Baadaye tulikwenda mjini kuangalia jengo la Guaranty, kazi ya Sullivan na mwenzake Dankmar Adler, la mwaka uleule wa 1896. Nilitegemea kuta tupu. Kumbe ghorofa zote 13 zimevikwa vigae vya udongo wa kuchoma, vyenye nakshi toka chini hadi juu. Aliyesema umbo hufuata kazi hakuona aibu ya pambo! Sikuelewa kwa nini.

Nilielewa wakati wa likizo. Mama na mama mdogo, anayeishi Louisville, walikuwa hawasemezani kwa zaidi ya mwaka. Chanzo ni michango ya msiba, niishie hapo. Nilipokuwa nyumbani Columbus, najiandaa kupanda basi la Louisville, mama alitoa doti mpya ya kanga, akaikata katikati kwa mkasi. Kipande kimoja akakikunja, akanipa.

"Mpe mdogo wangu. Usimwambie neno."

Basi lilipofika Cincinnati nilikuwa nimeshachungulia. Pindo jeusi, mji wa korosho, na jina: WAGOMBANAO NDIO WAPATANAO.

Mama mdogo aliitandaza mezani, akasoma. Kisha akautafuta ukingo uliokatwa, akaupapasa kwa kidole. Kila mjuzi wa kanga anajua doti ni mbili.

"Na ya pili anayo nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Anayo mama."

Alijifunga hivyohivyo, kabla haijashonwa ukingo, akaniambia nimpigie mama simu. Mimi nikatoka nje, kwa hiyo sijui waliambiana nini. Nilichosikia dirishani ni kicheko.

Katika insha yangu ya mwisho niliandika kwamba jina la kanga ni pambo, na pambo hilo lina kazi. Shuka jeupe lingemsitiri mama mdogo vilevile, lakini lisingempatanisha na dada yake. Mwalimu aliizungushia sentensi hiyo duara, akaandika pembeni: fafanua. Nitamfafanulia, nikianza na mkasi.

Niliporudi chuoni niliitoa ile kanga yangu sandukuni na kuitundika juu ya kitanda. Mwenzangu wa chumbani aliuliza mara moja, "Imeandikwa nini?" Ikabidi nisogee nisome, maana sikuwahi kuikunjua yote. Imeandikwa: MKATAA KWAO NI MTUMWA.

Miaka miwili mama alikuwa amenipa la kusoma, nami sijalisoma.