Gnus: Barua Pepe Inaposomwa Kama Gazeti

Watu wanaopita nyuma ya kiti changu kazini huuliza swali lile lile: mbona huna programu ya barua pepe? Wanachoona ni dirisha moja jeusi lenye maandishi matupu, na humo ndani mna msimbo, orodha ya kazi na barua zote. Dirisha hilo ni Emacs. Barua nazisoma humo kwa Gnus, ambayo huhitaji hata kuisakinisha kwa sababu huja na Emacs yenyewe. Unashika Alt na x, unaandika gnus, unabonyeza Enter, basi.

Hilo neno "basi" lina uongo kidogo. Watu wengi ninaowajua waliojaribu Gnus waliitupa siku ya pili, wengine siku ya kwanza kabla ya chai ya saa nne. Si kwamba ni programu mbaya. Ni kwamba haikuzaliwa kusoma barua, na hakuna anayewaambia hivyo mapema. Kwa hiyo vumilieni historia fupi, halafu tuingie kwenye karakana.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mfumo wa tarakilishi kupeana habari kupitia laini za simu. Habari ziligawanywa katika vikundi vyenye majina kama comp.lang.lisp au rec.food.cooking. Unaandika ujumbe, seva yako inaupitisha kwa seva jirani, nayo inaupitisha mbele, hadi uenee dunia nzima bila mkubwa mmoja wa kusimamia yote. Mwaka 1986 ikatoka itifaki ya NNTP, na tangu hapo msomaji akaweza kuvisoma vikundi hivyo akiwa mbali na seva. Mjapani Masanobu Umeda akaandika GNUS ya kwanza miaka ya themanini mwishoni, ili asome vikundi hivyo ndani ya Emacs. Kuanzia 1994 Lars Magne Ingebrigtsen wa Norwei akaiandika upya yote, na hiyo ndiyo Gnus tunayotumia. Barua pepe iliingizwa baadaye, ikakuta nyumba imeshajengwa.

Sasa fikiria gazeti. Hulisomi lote. Unapitisha macho kwenye vichwa, unasoma mbili tatu, linalobaki linafungiwa maandazi. Kesho linakuja jipya. Kikundi chenye ujumbe mia tatu kwa siku lazima kisomwe hivyo: ulichosoma kiondoke machoni, ubaki na kipya tu. Barua ni kinyume kabisa. Barua ukishaisoma ndipo unaanza kuihitaji. Gnus inaisoma barua yako kama gazeti, na karibu kila kilio ninachosikia kuhusu Gnus kinatoka hapo.

Tuanze na mpangilio mdogo kabisa unaofanya kazi. Huu unakaa kwenye faili ya .gnus.el katika saraka yako ya nyumbani:

(setq gnus-select-method '(nnnil "")
      gnus-secondary-select-methods
      '((nnimap "kazi"
                (nnimap-address "imap.example.org")
                (nnimap-server-port 993)
                (nnimap-stream ssl))
        (nntp "news.gmane.io")))

(setq send-mail-function 'smtpmail-send-it
      message-send-mail-function 'smtpmail-send-it
      smtpmail-smtp-server "smtp.example.org"
      smtpmail-smtp-service 587
      smtpmail-stream-type 'starttls)

Ule mstari wa nnnil unamaanisha "sina seva kuu". Bila huo, Gnus itatafuta seva ya habari ambayo huna, kisha italalamika. Miongozo mingi ya zamani haina mstari huu, ndiyo maana mtu anafuata kila hatua na bado anakaribishwa na kosa. Miongozo hiyo hiyo itakupa anwani ya news.gmane.org. Usiifuate. Gmane, huduma aliyoianzisha Ingebrigtsen huyo huyo mwaka 2002 ili orodha za barua zisomeke kama vikundi vya habari, iliyumba mwaka 2016 na kuanzia 2020 inapatikana news.gmane.io. Mimi nasoma humo majadiliano ya watengenezaji wa Emacs, kikundi gmane.emacs.devel, bila barua hata moja kuja kurundikana kwenye sanduku langu.

Nywila haikai kwenye faili ile. Inakaa kwenye .authinfo, au afadhali .authinfo.gpg ambayo Emacs huisimba yenyewe unapoihifadhi:

machine imap.example.org login wewe@example.org password nywilayako port 993
machine smtp.example.org login wewe@example.org password nywilayako port 587

Gnus ikikuuliza nywila kila unapoifungua, maana yake haikuupata mstari unaofanana na seva inayoifungua. Linganisha jina la seva herufi kwa herufi, kisha namba ya mlango. Halafu kuna hili la siku hizi. Google ilizima mwaka 2022 matumizi ya nywila ya kawaida kwa programu za nje kwenye akaunti za watu binafsi, kwa hiyo unaomba nywila maalumu ya programu, herufi 16. Huonyeshwa kwenye skrini kwa makundi manne yenye nafasi katikati. Ukizinakili pamoja na nafasi, .authinfo itaona maneno manne na kuchukua la kwanza tu. Ondoa nafasi. Na ukibadilisha faili huku Emacs iko wazi, ita auth-source-forget-all-cached, kwa sababu Emacs hukumbuka ya zamani kwa ukaidi kama mzee wa kijiji.

Haya, sasa kisa kilichonifanya niandike haya.

Rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya sayansi ya kompyuta alikuwa anasubiri mkataba wa miezi sita kutoka kwa mteja wa ng'ambo. Mkataba ukaja kwa barua pepe Ijumaa mchana, arudishe umetiwa sahihi kabla ya saa sita usiku, la sivyo kazi inapewa mwingine. Aliifungua kwenye simu akiwa stejini, akaona ni yenyewe, akasema ataisoma vizuri nyumbani. Dakika tano baadaye simu ikaporwa dirishani mwa matatu. Alifika nyumbani saa tatu, akafungua kivinjari aingie kwenye barua zake, na kivinjari kikadai msimbo uliotumwa... kwenye simu. Kilichobaki ni Gnus niliyomwekea mwezi uliotangulia, yenye nywila yake ya programu isiyohitaji simu. Akaifungua. Sanduku la barua halikuwepo. Si kwamba lilikuwa tupu, halikuwepo hata jina.

Akanipigia kwa simu ya jirani. "Buda, programu yako imemeza barua."

Haikuwa imemeza kitu. Katika IMAP, alama ya "imesomwa" inakaa kwenye seva, si kwenye simu wala tarakilishi. Simu ilipofungua barua ile, seva iliandika kwamba imesomwa. Gnus ikauliza seva: kuna kipya? Seva ikajibu hakuna. Na kikundi kisicho na kipya Gnus hukificha, kama muuza magazeti asivyokupangia la juzi mezani. Nikamwambia abonyeze L, herufi kubwa. Vikundi vyote vikajitokeza, INBOX ikiwa na sifuri mbele yake. Aweke kishale hapo, ashike Ctrl na u, aachie, kisha Enter. Gnus ikamuuliza anataka ngapi, akajibu hamsini. Nikasikia pumzi ikimtoka.

Mengine yalikuwa mepesi. Alama ya mshangao juu ya barua ili ibakie machoni hata baada ya kusomwa. R kubwa kujibu, Ctrl-c Ctrl-a kuambatisha faili yenye sahihi, Ctrl-c mara mbili kutuma. Ilitoka saa tano na dakika ishirini.

Kesho yake tulikaa tukarekebisha ili isitokee tena. Kikundi cha barua hakipaswi kufichwa kamwe, kwa hiyo:

(setq gnus-permanently-visible-groups "INBOX")

Kisha, kishale kikiwa juu ya INBOX, G p hufungua vigezo vya kikundi, na humo tukaandika ((display . all)) ili barua zilizosomwa zionekane pamoja na mpya. Ukiwa ndani ya kikundi na unatafuta ya zamani mara moja tu, / o inazirudisha. Mistari miwili. Kwa maoni yangu ingepaswa kuwa hivyo kwa sanduku la barua tangu mwanzo bila mtu kuandika chochote, ila Gnus ina wazee wake na wazee hawapendi samani zihamishwe.

Kilio cha pili kwa wingi ni cha stima. Umeme unapotea, ruta inazima, unarudi baada ya dakika kumi, kivinjari kinafungua kurasa zote lakini Gnus inashikilia kwamba seva haipatikani. Unaifunga Gnus, unaifungua, wengine wanazima hata tarakilishi. Kinachotokea ni kwamba seva ikikataa mara moja, Gnus huiwekea alama ya kukataliwa na haiigongi tena mlango. Ni adabu nzuri kama uko Oslo ambapo seva ikinyamaza imeharibika kweli. Kwetu ni shida. Dawa yake: ukiwa kwenye orodha ya vikundi bonyeza ^, utaona seva zako na neno (denied) mbele ya ile iliyosusiwa. R inafuta alama hizo, O inaifungua seva uliyosimama juu yake. Sekunde tatu, bila kuzima kitu.

Na Emacs yote ikiganda wakati Gnus inasubiri mtandao mbovu, Ctrl-g. Hii ni kasoro ya kweli, siitetei: Gnus inapozungumza na seva, mengine yote yanasimama. Kuna watu wazima waliohamia mu4e au notmuch kwa sababu hiyo, wakaacha programu nyingine iteremshe barua pembeni, nami siwalaumu.

Ukikwama kwa jambo ambalo sikulitaja, usibahatishe. Weka nnimap-record-commands kuwa t kwa barua zinazoingia, ufungue bafa ya *imap log* usome mazungumzo ya Gnus na seva. Kwa zinazotoka ni smtpmail-debug-info. Seva husema wazi inachokataa, ni vile ujumbe wa kosa unaokufikia juu huwa umefupishwa hadi hauna maana.

Nimeeleza maudhi mengi, na mtu atauliza kwa nini sihami. Jibu ni treni.

Huenda Mombasa mara kadhaa kwa mwaka kwa SGR, na kati ya hapo kuna Tsavo, ambako simu huwa saa tu ya mkononi. Mantiki ile ile ya gazeti iliyomficha rafiki yangu barua, huku ndiko inakolipa. Gnus ina sehemu iitwayo Agent. Kwenye orodha ya seva, J a inaiweka seva chini yake. Kabla sijatoka nyumbani nabonyeza J s, na kila ambacho sijasoma kinateremshwa diski. Nikikaa kitini nabonyeza J j, Gnus inajua hakuna mtandao na haijaribu kuutafuta. Nasoma, nafuta, najibu. Majibu yanajipanga kwenye foleni. Uzi usionihusu wa ujumbe themanini unaondoka kwa k moja. Ingekuwa kwenye kurasa za wavuti, kila ujumbe ungekuja na picha na matangazo, nami ningekuwa naangalia duara linazunguka hadi Voi.

Angalizo moja kuhusu Agent, kwa sababu hili halijaandikwa mahali mtu anapotazama: kwa kawaida huteremsha ujumbe mfupi tu, mrefu unaachwa. Utafungua uzi katikati ya nyika ukute vichwa bila miili. Bonyeza J c, simama juu ya kundi la default, bonyeza p, badilisha short iwe true, kisha Ctrl-c mara mbili. Bando litaliwa zaidi kidogo, basi fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi. Vikundi vyenye viambatisho vikubwa mimi nimevitengea kundi lao lenye false.

Usenet yenyewe imepungua, ni kweli. Google Groups iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet Februari 2024, na baadhi ya walioomboleza hawakujua kwamba seva nyingine zinaendelea kama kawaida. Eternal September bado inatoa akaunti za bure, na comp.lang.lisp bado ina watu wanaobishana kuhusu mabano. Ongeza seva ya pili ya nntp kwenye ile orodha ya juu, jaza mstari wake kwenye .authinfo kwa mlango 563, na kumbuka (nntp-open-connection-function nntp-open-tls-stream) pamoja na (nntp-port-number 563) ndani ya mabano yake. Kisha ^, Enter juu ya seva, tafuta kikundi, u.

Treni ikifika Miritini narudisha J j, kisha J S, na foleni yote inatoka kabla sijashusha begi.