Siku za Mbio za Polepole

Ukifika Iten au Kaptagat alfajiri, kitu cha kwanza kitakachokushangaza si kasi, ni upole. Watu wanaoshinda mbio London na Berlin huanza asubuhi yao wakijikokota, wakipiga stori kwa sauti ya chini, hadi wewe na kitambi chako unajiambia, hawa si naweza kuwafuata! Subiri kidogo. Mwili ukishaamka, hutawaona tena. Lakini siku nyingine kasi haiji kabisa. Mazoezi ya siku hiyo ni ya polepole, basi. Hakuna anayerudi kambini akilia ati leo sijahisi kitu.

Eliud Kipchoge aliishi hivyo kwa miaka mingi pale Kaptagat. Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi kupandisha na kushusha kasi barabarani. Katikati ya wiki, kufua nguo zake na kusafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Alikuwa bingwa wa Olimpiki na bado zamu yake ya vyoo ilimfikia. Kila mazoezi aliyaandika kwenye daftari, na amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajikamui hadi tone la mwisho.

Mimi si mwanariadha. Jumamosi hukimbia kando ya Thika Road na vijana wa kanisa letu, na kufikia kilomita ya nane macho yangu huwa yameanza kutafuta bodaboda. Lakini hiyo ratiba ya Kaptagat imenifundisha kitu ambacho makesha hayakunifundisha.

Kanisani nilikokulia, imani ilipimwa kwa joto. Kesha la Ijumaa, kinanda kimepanda, huyu analia, yule ananena kwa lugha, na ukitoka saa kumi na moja asubuhi unahisi unaweza kuusukuma Mlima Longonot hadi Naivasha mjini. Ikifika Jumatatu, ndani ya matatu iliyokwama Githurai, umeisha chaji kama simu ya zamani. Basi unangoja kesha lingine. Tuliishi hivyo, kutoka moto hadi moto, na hakuna aliyetuambia cha kufanya siku za katikati.

Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mbio, aliwaandikia watu walioelewa. Karibu nao, pale Isthmia, michezo ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani tu, yanayonyauka. Na katika mfano wake Paulo hakuishia kwa utepe wa mwisho. Aliwaonyesha pia jinsi wakimbiaji wanavyojinyima na kujitawala muda wote kabla ya siku yenyewe.

Ila huu mfano una mahali unapouma.

Mwaka juzi tulifunga siku 21 kwa ajili ya baba. Figo zake zilikuwa zimekataa. Tuligawana saa za maombi, mimi nikapewa saa tisa usiku, na sikukosa hata mara moja. Siku ya 19 akafariki. Kama nidhamu ni kulipa na kupokea, sisi tulilipa. Kwenye matanga mtu mmoja alimwambia mama kwamba labda imani yetu ilipungua mahali. Mama alimkaribisha chai. Mimi nilitoka nje.

Miezi kadhaa baadaye nikaanza kufikiria Paris 2024. Kipchoge, umri miaka 39, alikuwa ameshinda dhahabu Rio na katika Olimpiki ya Tokyo, na alikuwa akiitafuta ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kulifanya kwenye marathoni. Baada ya kilomita 30 hivi, mwili ulikataa. Akatembea, akawapa mashabiki shati, soksi na viatu, akapanda gari. Je, alikosa nidhamu siku hiyo? Ile ratiba ya miaka yote ilipotelea wapi? Aprili 2025 alikuwa London tena kwenye mstari wa kuanzia, akamaliza wa sita.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mazoezi hayanunui matokeo. Hayajawahi. Yanamfanya mtu awe na mahali pa kurudi matokeo yakimgeuka. Zile saa tisa usiku hazikumnunulia baba figo mpya. Lakini baada ya mazishi, macho yangu yaliendelea kufunguka saa tisa, na nikajikuta nazungumza na Mungu niliyemkasirikia. Sikuwa na maneno mazuri, lakini nilikuwa nimezoea njia.

Kitu kingine ni Vienna, 2019. Tunakumbuka saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tunasahau wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi, wakijipanga mbele na nyuma yake kumkinga na upepo. Kwa sababu ya mpango huo, muda ule hauhesabiki kama rekodi rasmi ya dunia. Mbinguni sidhani kuna sheria kama hiyo. Baada ya mazishi, akina mama wa ushirika walikuja kwetu kila Jumanne kwa miezi minne. Mama hakuwa na sala hata moja mdomoni. Wao waliomba kwa zamu, yeye akasema amina, na siku nyingine hata amina waliisema wao.

Siku hizi nasoma Zaburi moja asubuhi kabla sijashika simu. Dakika kumi. Asubuhi nyingi sihisi chochote, na kwenye daftari naandika neno moja tu: nimekuja. Swali la baba bado liko nami, halijajibiwa, na sijaambiwa niliache nyumbani ndipo nije.

Mama naye amerudi kwaya. Mazoezi ni Alhamisi jioni, anaimba sauti ya pili. Kuna wimbo mmoja, ule tuliouimba kaburini, bado hauwezi. Ukifika, husimama tu na kitabu chake wazi, na wenzake huimba hadi mwisho wakiwa wamemweka katikati.