Je, Nimkabidhi Ufunguo?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana anayekesha mbele ya kompyuta, nawe humwuliza kazi hiyo inamletea nini. Swali hilo nami huulizwa hapa Kendwa na jirani yangu mzee, fundi wa vyombo aliyejifunza ufundi wake Nungwi. Jibu langu halijamridhisha hadi leo.

Ninatunza programu ndogo. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Mtu huiandikia amri na tarehe, nayo humjibu kwa mstari mmoja: mwezi una siku ngapi, na kama ni bamvua au maji mafu. Msimbo wake nimeuweka wazi, kila mtu ausome, autumie na autengeneze bila ya malipo. Huo ndio utaratibu wa programu huria, na si mgeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa kuwa msimbo wa asili ulikuwa wazi kwa wote.

Kuiandika ilikuwa kazi ya wiki chache. Kuitunza ndiko kusikokwisha. Kompyuta hubadilika, lugha ya msimbo hubadilika, na aghalabu huja barua ya mtu wa mbali kwamba kwake programu haifunguki. Mzee huyo, ambaye maisha yake yote amekalafati mashua zilizokwisha kushushwa, hapo hunielewa vyema. Kisha kuna kutoa toleo: kujaribu kila amri, kubadili namba, kuandika kilichorekebishwa, kufunga kifurushi, na kukitia sahihi kwa ufunguo wa siri ili apokeaye ajue kimetoka kwangu.

Sasa yupo mtu nisiyemjua ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiniletea masahihisho mazuri, kwa adabu kubwa. Juzi aliniandikia: naona umechoka, nipe ufunguo nikutolee matoleo. Kwa hakika nimechoka. Kazi hii huifanya baada ya Isha, nikisharudi kibaruani.

Lakini nikakumbuka habari ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi mno duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, takriban peke yake, bila ya mshahara. Mwaka 2021 akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaleta masahihisho. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yakamlaumu Collin kwa uzito wake, yakamshinikiza apate msaidizi. Jia Tan akaaminiwa. Katika matoleo ya Februari na Machi 2024 akapenyeza mlango wa siri, na sehemu yake muhimu ilikuwamo katika kifurushi cha toleo tu, wala si katika msimbo uliowekwa hadharani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa kuona kwamba kuingia katika kompyuta kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde, ndugu msomaji!

Sisemi kwamba mgeni wangu ni mwizi. Huenda ni mtu mwema kuliko mimi. Nimemshukuru, jina lake nimeliandika miongoni mwa wasaidizi, na ufunguo umebaki kwangu. Hajajibu.

Nilipomsimulia mzee, alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Na ukiugua, mwanangu, nani atakikalafati?"

Swali hilo lilininyima usingizi kuliko la mshahara. Nimemwendea mpwa wangu Mjini, anayesomea kompyuta. "Mjomba, nalipwa?" ndilo neno lake la kwanza. Nikamwambia nauli tu. Huja kila Jumamosi. Kwanza nimempa kazi ya kufunga kifurushi upya kutoka msimbo wa hadharani, akilinganishe na changu mpaka visitofautiane hata herufi. Toleo lijalo atalitia sahihi yeye, nami nitakaa pembeni nikitazama.