Anayezuiwa Ni Mdogo

Nilianza kufundisha fiziolojia chuo cha matabibu enzi za chaki, nikastaafu tukitumia projekta, na somo lililonichachafya siku zote lilikuwa utando wa seli. Moyo wanafunzi waliupenda, figo waliiogopa, utando waliukariri tu. Kisha mwaka mmoja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, umesema sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu. Sasa kwenye mfereji wa potasiamu mbona anazuiwa mdogo, mkubwa anapita?"

Darasa likacheka. Mimi nikafurahi, maana wengi huandika tu.

Nusukipenyo cha ioni ya potasiamu ni kama nanomita 0.133, cha sodiamu 0.095. Mfereji ule ungekuwa kifumbu cha tui, sodiamu ingetangulia. Lakini ioni haitembei peke yake. Molekuli za maji zimeigandama, na kuzibandua kunataka nishati. Hilo wataalamu walilihisi tangu miaka ya 1970. Picha yenyewe ilipatikana 1998, Roderick MacKinnon na wenzake, New York, walipopiga eksirei fuwele za mfereji wa bakteria aitwaye Streptomyces lividans. Mwaka 2003 alipata Nobeli ya kemia.

Picha hiyo nilimchorea ubaoni. Penye wembamba kabisa, atomi za oksijeni za protini zimeelekea ndani, na kila kituo kina nane. Potasiamu ikiachana na maji yake, oksijeni hizo huipokea kwa umbali uleule yaliokuwapo maji, kwa hiyo haipati hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii zote sawasawa. Ingepoteza maji bila kufidiwa, basi hubaki nje nayo. Potasiamu hupita kwa wepesi unaozidi mara 10,000, tena karibu ioni milioni 100 kwa sekunde. Ukali wa kuchagua na kasi namna hiyo mahali pamoja, hadi leo sijauzoea.

Kutoka hapo tulikwenda wodini. Ndani ya seli potasiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, kwenye damu 4 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoendesha umeme wa moyo. Ukiipandisha ya nje ghafla, potasiamu ya ndani haina tena msukumo wa kutosha wa kutoka, na moyo waweza kusimama mgonjwa akiwa mikononi mwako. Nikamwonyesha yule binti ampuli ya potasiamu kloraidi: hii haichomwi mshipani hivihivi, huchanganywa kwenye dripu, tena iende polepole.