Matanga ya Kileleshwa

Kila mjadala wa idadi ya ghorofa unapozuka Nairobi, ukumbi hujaa wafiwa. Wasikilize wakaazi wa Kileleshwa, Kilimani au Parklands wanapowasihi wawakilishi wa wadi na maafisa wa mipango washushe kiwango cha ujenzi: palikuwa na bustani, palikuwa na ndege, jua la asubuhi lilikuwa likiingia hadi jikoni. Siku hizi jua hilo hulisubiri jengo la jirani limalize kulitumia kwanza. Bomba la maji taka lililolazwa kwa ajili ya familia moja kwenye nusu ekari linabeba uchafu wa jengo zima, na likishindwa, hutapika barabarani.

Hawasemi uongo. Mwongozo wa kanda za jiji wa mwaka 2004 uliruhusu fleti Kileleshwa na Kilimani, ila zisizidi ghorofa 4, tena pale tu palipofikiwa na bomba la maji taka. Leo ghorofa 10 hapo ni jengo la kawaida. Maji mengi ya jiji bado yanategemea bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwa mahitaji ya miaka ya 1990, kwa hiyo mtaa unaoitwa wa matajiri huamka ukisikilizia lori la maji. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Jirani, aghalabu, huipata habari siku anapokuta mabati yamezungushwa na mti umelazwa.

Nami nimefiwa huko, ingawa matanga yangu hayana kiti ukumbini. Nililelewa Kileleshwa, lakini uani. Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, nasi tulilala katika chumba kimoja cha mawe nyuma ya kamba za nguo, bafu tukilitumia pamoja na mtunza bustani. Parachichi lililoanguka lilikuwa letu. Lililo mtini lilikuwa la mwenye nyumba, na sisi watoto tulijifunza kuombea upepo. Ua la kayaba lilituchoma kila tulipofuata mpira. Mama aliifahamu bustani ile kuliko waliokuwa na hati yake: alijua ni pembe gani nguo hukauka upesi mwezi wa Julai, na jakaranda ikianza kumwaga maua ni lini aanike mashuka mbali nayo. Nyumba ilipouzwa, wenyewe walipata bei nzuri. Mama alipewa mshahara wa mwezi na godoro. Alirudi nyumbani kijijini, akafia huko, na hadi mwisho alikuwa akiuliza kama ule mparachichi bado unazaa. Sikuthubutu kumwambia kwamba palipokuwa chumba chetu magari huteremkia kwenda kuegeshwa chini ya fleti.

Kwa hiyo nawaelewa wanaolia. Ila kuna jambo matanga haya hulipita haraka mno. Nafasi ile tunayoililia haikushuka na mvua. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu nyanda za juu za magharibi mwa jiji, penye ubaridi na udongo mwekundu unaopitisha maji. Wahindi wakapewa Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni, kwenye udongo mweusi unaogeuka matope. Baada ya 1963 rangi ya ngozi ilifutwa kwenye karatasi. Ukubwa wa kiwanja ukabaki, ukaendelea na kazi ile ile kwa kutumia bei.

Nani amewahi kuketi matanga ya Pipeline, kule Embakasi, ambako ghorofa zimekaribiana kiasi kwamba korido huwashwa taa adhuhuri? Wanaoishi humo nao hawana jua jikoni. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, likaua watu karibu 50. Lilikuwa tayari limeagizwa libomolewe, na watu walikuwa wanaendelea kulipa kodi humo. Wapangaji wale hawakuwa na chama cha wakaazi chenye wakili.

Na msidhani natetea wajenzi. Fleti za Kileleshwa hazikumpokea mama wala wenzake; yaya wa leo hupanda matatu alfajiri kutoka Kangemi au Kawangware, akapita langoni kwa kuacha kitambulisho. Bustani ilimweka uani, ghorofa limemweka nje kabisa. Ndiyo maana mabishano ya ghorofa 4 au 10, peke yake, yananichosha: ni ugomvi wa warithi wawili juu ya urithi ambao wa tatu hakutajwa.

Pasipo na maji wala bomba la kutosha, ghorofa zipunguzwe. Hilo sina shaka nalo. Lakini Bunge la Kaunti lina wadi 85, na nyingi kati ya hizo hazina jakaranda ya kulilia. Waheshimiwa, mkiipunguzia Kileleshwa ghorofa, andikeni katika azimio hilo hilo ni wapi mtaruhusu nyumba ambazo askari wa geti, yaya na kibarua wa mjengo wanaweza kulipia kodi karibu na kazi zao, na bomba la huko litalazwa mwaka gani. Azimio lisilotaja hayo lirudisheni kamatini.