Kunyamaza si Kufa

Kwetu Kamatanda muntu akinyamaza siku nyingi hatusemi kwamba amekufa. Tunatuma mtoto. "Enda uone kama mama iko muzima, mulango yake haifunguke tangu juzi." Njo desturi tuliyoikuta kwa wazazi, na siku hizi ninaifikiri sana, sababu kuna mahali tuliweka mali yetu ambako hakuna anayetuma mtoto.

Mnajua mambo ya mwaka 1992 na 1993. Wandugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji wetu. Walilala pale gare ya Likasi wakingojea treni, majuma, wengine miezi, mvua juu yao. Wengi walikufa pale au njiani, zaidi watoto na wazee. Katika mtaa wetu zilifungwa nyumba za bantu ambao tulikuwa tunakula nao, tunalia nao katika kilio, tunacheza nao katika arusi. Mimi nilikuwa kijana. Rafiki yangu wa masomo alinipa mpira wake aniwekee mpaka arudi. Hakurudi.

Karibu mwaka 2006, yaya mmoja wa mtaa wetu alianza kitu. Kila juma alikuwa anashuka mjini Likasi, analipa saa moja katika nyumba ya intaneti, na anaandika habari za Kamatanda ya zamani: nani alikaa wapi, nani aliolewa na nani, kikosi cha mpira cha mtaa, foto za komunyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, bila haya. Kidogo kidogo wale waliotawanyika wakamuona. Wakaandika toka Mbuji-Mayi, toka Kananga, toka Johannesburg, toka Bruxelles. "Mimi ni mutoto ya ule fundi wa viatu, munanikumbuka?" Ndiyo, tulimukumbuka!

Kisha wakaanza kuandika majina ya wafu. Nani alikufa gare, nani alikufa ndani ya treni, alizikwa wapi. Hayo hayako katika kitabu chochote cha serikali. Mama mmoja alieleza mahali walipomuzika kaka yake kando ya reli, akataja kituo, akataja mti wa mwembe na hesabu ya hatua toka mwembe mpaka kaburi. Rafiki yangu wa ule mpira nilimukuta mule mule. Jina lake tu, katika orodha.

Yaya alipoanza kuugua aliniita. "Mudogo, kuja nikupatie neno la siri, siku moja sitakuwako." Nikamujibu: "Kesho, yaya." Nilisema kesho mara tatu. Alikufa mwaka 2019. Katika kilio tuligawanya nguo zake, baiskeli yake na viti vyake kama desturi inavyotaka. Lile neno la siri hakuna aliyelikumbuka. Mwanzo wa mwaka 2024 niliingia kusoma, sikukuta kitu. Kampuni ya nje iliyotushikia ile kazi ilikuwa na sheria yake: muntu asiyeonekana muda fulani, vitu vyake vinafutwa. Walikuwa wametuma barua za kuonya. Walizituma kwa marehemu.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2009 GeoCities ilifungwa, na Yahoo Groups ikafungwa mwaka 2020. Skyblog, ambayo vijana wengi wanaosema Kifaransa waliandikia tangu mwaka 2002, ilifungwa mwezi wa nane 2023. Mwaka huo huo Google ilitangaza kwamba akaunti ya muntu binafsi isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa. Sababu zao ziko: akaunti iliyoachwa inaibiwa kwa upesi, na kuweka vitu kunakula feza. Lakini tuangalie Skyblog: kabla ya kufunga, Wafaransa walipeleka nakala katika maktaba yao kubwa ya taifa na katika INA, nyumba inayolinda kumbukumbu za radio na televisheni. Basi kumbe mlango unaweza kufungwa kwa heshima.

Wazee Baluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti chenye ushanga na simbi, ambacho bantu ba Mbudye walikishika mkononi na kupapasa kwa kidole wakieleza habari za wafalme na za inchi. Leo mbao nyingine zinakaa katika mizeo za Ulaya na Marekani. Kibao kiko, lakini wanaojua kukisoma vile si wengi tena. Sisi yetu ni kinyume: wasomaji tuko, kibao kimepotea. Na hapa njo kosa letu. Mbudye ilikuwa kundi zima, vijana wakiingia na kufundishwa na wakubwa. Sisi tuliacha mzigo wote kwa muntu mmoja, halafu tukamuambia kesho.

Kuna mfano mwingine wa hapa kwetu. Mwaka 1965, wale waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu kule Elisabethville, leo Lubumbashi, walitoa habari za mji wao kwa Kiswahili, zikiwa na jina la André Yav. Ilikuwa karatasi za mashini tu, zilizozidishwa. Zilifika mkononi mwa Johannes Fabian, naye alizitia katika kitabu mwaka 1990. Karatasi ile haikudai neno la siri, na nakala hazikuwa moja.

Sasa siku ya Mungu mchana tunakaa na wazee, tunaandika majina tena katika kaye ya shule. Kila jina linaandikwa katika kaye tatu, nyumba tatu mbalimbali. Hatujafika hata nusu. Yule mama wa mwembe alitutoka mwaka 2021, na hakuna kati yetu anayekumbuka ni kituo gani, wala hatua ngapi. Kaka yake amezikwa mara ya pili, na mara hii mimi nilikuwako.

Kwa hiyo ninawaomba, wandugu. Kama katika familia yenu kuna muntu anayeshika foto na maneno ya wote ndani ya simu ao intaneti, mwende kwake leo. Mwombe nakala, mwandike kwa karatasi, ufunguo ukae katika mikono miwili. Na mkiona amenyamaza, mtume mtoto.