Hatari za Mbio za Jangwani

Wengi wetu twapenda mbio za motokaa, nami ni mmoja wao. Lakini kila nisomapo habari za mbio za Paris hadi Dakar hujiuliza: je, hatari ile ni ya nani?

Aliyezianzisha ni Mfaransa, Thierry Sabine. Mwaka 1977, akiwa katika mashindano mengine, alipotea na pikipiki yake jangwani Sahara, akakaribia kufa kwa kiu. Badala ya kulichukia jangwa alilipenda, na tarehe 26 Desemba 1978 waendeshaji wa kwanza waliondoka Paris kwa safari ya kilomita 10,000 hivi.

Jangwani hakuna barabara. Mchanga laini hunasa magurudumu. Kilima cha mchanga hupandwa kwa urahisi, kumbe upande wa pili kimekatika ghafula. Upepo ukivuma, vumbi hufunika njia. Mwaka 1982 Mark Thatcher, mwana wa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipotea siku sita. Mwaka 1986 Sabine mwenyewe alikufa nchini Mali, helikopta yake ilipoanguka. Wote watano waliokuwamo walikufa.

Hao walikwenda kwa hiari yao. Walakini njiani kuna vijiji, na vijijini kuna watoto. Mwaka 2006 mtoto wa miaka 10 aligongwa akafa nchini Guinea, na siku ya pili yake mwingine wa miaka 12 akauawa nchini Senegal. Watoto hao hawakutafuta kombe lolote, walikuwa kwao.

Mwaka 2008 mbio zilifutwa kwa kuhofia mashambulio nchini Mauritania. Mwaka 2009 zilihamia Amerika ya Kusini, na mwaka 2020 zikahamia Saudi Arabia. Basi hofu juu ya waendeshaji iliweza kuzisimamisha, lakini vifo vya wale watoto wawili havikuzizuia kurudi Afrika mwaka 2007. Wazee husema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Ndugu wanafunzi, ushujaa ni jambo jema. Lakini shujaa huhatarisha maisha yake, si ya jirani. Nasi tukienda kutazama mbio za Safari, zilizoanza hapa kwetu mwaka 1953, tusimame mbali na njia, na wadogo zetu tuwashike mikono.